Hesabu kwa Sauti ya Aliyefukuzwa

Binti wa dada yangu alifukuzwa shule akiwa kidato cha tatu, huko kwetu Tanzania, wakati mimi nasoma chuo hapa Minnesota. Wasichana walipangwa mstari nyuma ya bweni, matroni akapita akiwaminya matumbo mmoja mmoja kutafuta mimba, kama mtu anayechagua maparachichi sokoni. Siku ya pili binti akarudishwa nyumbani na sanduku lake.

Dada alinipigia akilia kwamba kaaibika. Nilimwambia aibu amwachie matroni, mtoto atasoma. Miaka ile aliyepata mimba hakuruhusiwa kurudi shuleni, kwa hiyo njia ilikuwa moja tu: ule Mtihani wa Maarifa, wenyewe wanauita QT, ambao mtu wa nje ya shule akiufaulu anaruhusiwa kujaribu wa kidato cha nne. Mjini kwao hapakuwa na kituo cha kumwandaa. Basi kituo nikawa mimi.

Nilikuwa nakaa kwenye fleti za kitongoji cha New Hope, na wakati wa baridi gari haliendi mpaka uliwashe kwanza lipate joto. Asubuhi nikilisubiri nilirekodi somo la hesabu kwenye simu, mikono ndani ya glavu, nikamtumia. Kwao ilikuwa alasiri. Akishaelewa alilirudia somo lote kwa sauti yake, akanitumia nisahihishe. Mwanzoni nilisahihisha. Baadaye nikawa nasikiliza tu, maana logarithimu ambazo mimi nilizungukazunguka nazo, yeye alizinyoosha kwa Kiswahili cha jikoni. Rekodi hizo aliwatumia pia wasichana wengine wa pale mjini waliofukuzwa kama yeye. Alipojifungua alipumzika kidogo, akaendelea. Dada alinunua bando, sukari ikasubiri.

Jumapili moja baada ya ibada, pale mtaa wa Phillips tulipozoea kukutana Watanzania, nilimsimulia haya kaka mmoja. Akamaliza kutafuna nyama yake kwanza.

"Dada, mambo yana consequences. Uki-support hivyo, si una-encourage na wengine?"

Nikamuuliza: huyu binti yako aliyekaa hapa, akipata mimba leo, shule yake ya hapa itamfukuza? Akasema nisimtakie mwanawe mabaya. Mabaya! Mtaani kwangu nilikuwa namwona msichana mwenye tumbo kubwa akipanda basi la njano la shule asubuhi, na dereva hang'oi gari mpaka akae. Yule kaka analijua hilo vizuri kuliko mimi, ndiyo maana binti yake anasoma huku. Niliacha sahani ya pilau nikaondoka, na mimi pilau siiachi.

Halafu mkuu wa shule akanipigia simu. Mkuu yule yule aliyemfukuza binti. Namba alipewa na dada, ambaye alidhani ameitiwa heri. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia kwa furaha kabisa, akanieleza kwamba mwalimu wao wa hesabu alihamishwa na mwingine hajaletwa. Mwanafunzi mmoja alikuwa amekuja na rekodi za binti kutoka kwa dada yake, naye mmoja wa waliofukuzwa, wakaziunganisha na spika, na sasa kidato cha nne wanasoma kwa hizo.

"Mnatusaidia sana, dada yangu. Naomba mniletee na zilizobaki. Ila kuna sauti ya kichanga inalia huko nyuma, wanafunzi wanacheka. Mkiweza, mrekodi upya pakiwa kimya."

"Mwalimu, unamjua anayefundisha humo?"

"Namjua. Sauti yake siwezi kuikosea."

"Basi mrudishe darasani afundishe mwenyewe. Akae hata nyuma."

"Dada, sheria ni sheria. Mimi mtumishi tu."

"Sauti yake mnaitaka, mwenyewe hamumtaki?"

Akaanza kunieleza habari za maadili. Mtu mzima, nimemwamkia kwa heshima zote, nikamkatia simu katikati ya sentensi. Sijawahi kujuta.

Hapo hapo nikampigia binti. Nilimweleza ombi la mkuu, nikafoka kwa niaba yake, nikasema hawapati hata dakika moja zaidi, wakae gizani na sheria yao. Alinisubiri nimalize.

"Wanaosikiliza ni kidato cha nne, mamdogo?"

"Ndiyo. Wenzako uliowaacha."

"Wote?"

"Wote."

Nilisikia akimbembeleza mtoto.

"Mtumie zote," akasema. "Ila mtoto asitolewe."

"Mkuu wako anasema analeta kelele."

"Acha alie. Baba yake yumo humo darasani."

Jina la huyo baba alikuwa hajalitamka kwa mtu yeyote, hata kwa mama yake, na siku ile nayo hakulitamka. Nikatuma masomo yote, na kilio chote.