Ng'ombe Mwekundu wa Anko Saruni

Dada yangu Nailantei hutengeneza programu za simu hapa Kitengela, na wiki hiyo alikuwa hasemezeki. Chai niliyompelekea ilipoa mezani. Ukimwuliza kitu, anakujibu akiwa amekupa mgongo.

Programu yake hutumika kwenye soko la ng'ombe la Bisil: unapitisha kifaa kwenye hereni ya utambulisho sikioni mwa ng'ombe, simu inakutajia mwenye ng'ombe. Anko Saruni, ndugu wa mama, ndiye aliyewashawishi wazee waikubali. Halafu simu ikaanza kuchanganya majina. Ng'ombe wa Simel akasomeka "Simai", mtu ambaye hajazaliwa. Na Anko alipofika langoni kuuza ng'ombe wake mwekundu, simu ikasema ni wa Metito, jirani yake. Akarudishwa nyumbani kama mwizi, watu wakitazama. Wazee wakasema ikikosea tena soko lijalo, itupwe, na Anko asiwaletee tena mambo ya watoto.

Nailantei akalitafuta kosa mpaka akalipata. Programu hiyo ina sehemu mbili, zimeandikwa kwa lugha mbili tofauti za kompyuta. Moja inasoma sikio na kuliweka jina kwenye kumbukumbu, na ile ya simu inaazimwa jina hilo ilitazame tu. Lakini ya simu ikimaliza kutazama inafuta. Pale palipofutwa panaingia jina lingine, ndipo yanachanganyika. Hiyo ya simu iliandikwa na mwenzake, Wahome.

"Uliazimwa, hukupewa," alimfokea kwa simu. "Ng'ombe ya kuazimwa unakamua. Huchinji."

"Na mbona hukuandika mahali?"

"Si inajulikana?"

"Kwenu wafugaji."

Wakarekebisha huku wakigombana. Siku ya soko tulienda Bisil. Ng'ombe wa Simel akasomeka Simel, wa Mukai akasomeka Mukai, na dada akatabasamu hatimaye.

Anko akamleta yule mwekundu. Simu ikasema Metito. Dada akapitisha kifaa tena. Metito. Akasonya, akaanza kumlaani Wahome. Mimi nikamtazama Anko, naye alikuwa anatazama fimbo yake.

"Anko," nikamwuliza, "hii ng'ombe Metito alikupea, ama alikuazima?"

"Alisema nikamulie watoto."

"Hakusema uuze."

"Imekaa kwangu miaka mingi, mtoto wangu. Nilidhani amesahau."

Wazee walisikia yote. Wakakubali palepale kwamba programu ibaki, tena wakaisifu. Nailantei akachukua kamba mkononi mwa Anko, akamtoa ng'ombe langoni, akampeleka hadi kwa Metito, Anko akimfuata nyuma.