Mama wa Chai Aenda Semina Kisarawe

Siku barua ilipotoka, Mwamvita aliisoma mara nne akiwa amesimama, sinia la vikombe likiwa bado mkononi. Aliogopa hata kuliweka chini, asije akagundua kwamba anaota. Jina lake lilikuwa pale, limepigwa chapa: Mwamvita Omary, mhudumu wa ofisi, ameteuliwa kwenda Kisarawe kwa mafunzo ya siku tatu ya watumishi wa vyuo wanaowahudumia wanafunzi wa kigeni. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiwachemshia chai watu waendao semina. Walikuwa wakiondoka Jumatatu na kurudi Alhamisi na mabegi mapya, kisha wanamsimulia kuku alivyokaangwa. Sasa zamu ni yake, jamani!

Chuo chenyewe kiko upande wa Kongowe, Kibaha, na kinafundisha watu wa maabara. Miaka ya karibuni kimeanza kupokea vijana kutoka Burundi, Komoro, Kongo na Sudani Kusini. Mkuu wa chuo, Dokta Didas, aliwagawia karatasi waandike ni nani huwasaidia wakikwama. Alitarajia kusoma majina ya maofisa. Karibu nusu yao waliandika “mama wa chai”. Dokta Didas alisoma, akavua miwani, akasoma tena.

Wala si uongo. Mwamvita ndiye aliyewaonyesha duka la dagaa wasio na mchanga. Ndiye aliyemtafutia Mrundi mmoja chumba kule Tangini, jirani na kwake, akamwambia mwenye nyumba kwamba mpangaji huyu hapigi muziki. Na kila asubuhi alisimama mlango mkubwa na kusalimia kila anayepita, salamu kamili, si zile za kutikisa kichwa. Alikuwa mtoto wa Mlandizi, na kwa wazee waliomlea, salamu isiyofika kwa baba na mama wa mtu haikuwa salamu. Ulikuwa umempita mtu tu kama unavyopita nguzo.

Lakini barua ilikuwa na aya ya pili, na hiyo ndiyo iliyomkosesha pumzi. Chuo kinafungua dawati la wanafunzi wa kigeni. Wamepelekwa wawili mafunzoni, Mwamvita na Fabian wa masijala. Atakayefanya vizuri zaidi atakabidhiwa dawati, na mwingine atarudi kwenye kazi yake ya zamani. Mwamvita alikuwa na cheti cha utunzaji wa kumbukumbu, alichokisomea jioni baada ya kuosha vikombe, na kilikuwa kimekaa kabatini miaka kumi na mmoja bila mtu kukiuliza. Alikitaka kile kiti. Alikitaka mpaka usingizi ukaruka.

Mumewe, Hemedi, ni fundi cherehani, na wateja wake wanajua kwamba kwake “Ijumaa” maana yake ni Ijumaa yoyote. Safari hii alishona gauni la kitenge kwa siku moja.

“Mama Tunu,” alimwambia akimkabidhi, “ukifika huko usije ukaingia jikoni kuwasaidia watu kupika chai.”

“Baba Tunu, mimi naenda kuhudumiwa!”

Gari la chuo lilikuwa bovu, kama kawaida yake, kwa hiyo wakaenda kupandia treni Soga. Mwamvita hakuwahi kupanda treni mpya ya umeme. Ilipoondoka bila kelele alicheka peke yake kama mwehu, na mabonde yalipoanza kukimbia dirishani akampiga Fabian kofi la bega, mtu ambaye hakuwa amezoeana naye kiasi hicho. Fabian alikuwa anapitia daftari lake. Ni mtu safi, shati limenyooka, majalada yake yamepangwa vizuri kuliko sebule za watu, lakini hana habari na binadamu. Alisogeza bega, akaendelea kusoma. Waliteremka Pugu, wakachukua bajaji, ikapanda vilima hadi Kisarawe ikilalamika njia nzima.

Mwezeshaji alikuwa mwanamke kijana aitwaye Adventina, mwenye sauti ya kwaya. Alianza kwa zoezi la kumpokea mgeni, kisha akawaambia kwamba mgeni asiyeelewa Kiswahili si kiziwi, kwa hiyo hakuna haja ya kumpigia kelele. Ukumbi mzima ukamgeukia Fabian, maana alikuwa ametoka kufanya hivyo hivyo kwenye zoezi. Walijifunza kibali cha ukaazi kinavyoombwa na muda wake unavyoisha, barua za uhamiaji zinavyoandikwa, na namna ya kumtambua kijana aliyeanza kujitenga. Mwamvita aliandika mpaka kalamu ikaisha wino. Alinyoosha mkono kabla swali halijamalizika. Siku ya pili Adventina alimwita mbele aeleze jinsi anavyopokea mgeni, naye akaeleza salamu zake, na ukumbi ukapiga makofi. Jioni alimpigia Hemedi simu, akamwambia dawati lile ni lake, aanze kushona gauni la pili.

Siku ya tatu lilikuja basi dogo na wanafunzi wenyewe, na Dokta Didas akaja nao. Adventina alipanga meza, kila meza akakaa mwanafunzi mmoja na karatasi ya alama.

“Leo wao ndio wasahihishaji,” alisema. “Nendeni mmoja mmoja, mkawapokee kama mnavyowapokea kila siku. Msiigize.”

Mwamvita na Fabian walipangiwa meza moja, ya Majok. Majok ni Msudani Kusini wa mwaka wa pili, mrefu, Kiswahili chake kimeshanyooka. Fabian alitangulia, akauliza namba ya usajili, akakumbusha tarehe ya kibali, akaondoka. Majok akaandika tano katika kumi. Tano! Mwamvita aliiona na moyo ukamcheza kwa furaha. Akasogea, akasimama mbele ya meza na gauni lake jipya.

“Majok mwanangu, hujambo? Umeamkaje? Nyumbani hawajambo? Baba hajambo? Mama je, mzima?”

“Wazima,” Majok akasema. Akainama, akaandika sifuri.

Mwamvita alidhani ameona vibaya. Adventina aliichukua ile karatasi, akaitazama, akamuuliza Majok kwa upole kama angependa kueleza au kuacha.

“Nitaeleza. Baba yangu alikufa nikiwa darasa la tatu. Mama sijui alipo tangu kijiji chetu kilipochomwa. Mama Mwamvita alikuwa ananiuliza kila asubuhi. Mwaka wa kwanza nilijibu ‘mzima’ kwa sababu watu walikuwa nyuma yangu wanasubiri. Sasa nimechoka kudanganya. Siku hizi nazungukia nyuma, kwenye mapipa ya takataka, nisipite mlango ule.”

Mwamvita alipiga hesabu moyoni. Miaka miwili! Miaka miwili anamchoma kijana wa watu pale pale penye kidonda, na kila siku anaondoka mlangoni ameridhika kwamba amefanya wema. Jana tu alipigiwa makofi kwa jambo hili hili. Aibu ilimpanda, lakini kilichomuuma zaidi kilikuwa yale mapipa. Alikuwa amegundua kwamba Majok haonekani, na akadhani kijana ameanza kiburi.

“Nisamehe, mwanangu,” akasema, machozi yanatiririka na hayafuti. “Sikujua, lakini ningeweza kujua. Sikukupa nafasi ya kunijibu.” Kisha akamgeukia Dokta Didas. “Mkuu, dawati mpe Fabian. Yeye ana tano.”

Alilisema lile neno na likamkata kama kisu, kwa sababu bado alikuwa anakitaka kile kiti, tena pengine kuliko jana. Fabian alirekebisha kola yake. Dokta Didas alianza kuandika kitu.

“Samahani,” Majok akasema. “Mimi ndiye msahihishaji au siye?”

Dokta Didas akainua kalamu.

“Sifuri ni ya salamu. Hamjaniuliza kuhusu dawati. Kwa kaka Fabian nimepeleka karatasi miaka miwili, na kila nikifika ananiuliza namba. Leo pia, mmesikia. Nikikosa kuja chuo mwezi mzima, atajua siku kibali kinapoisha. Huyu mama nilipoanza kuzungukia nyuma, aliniletea chapati bwenini siku mbili, akaziacha mlangoni kwa sababu sikufungua. Anauliza vibaya. Lakini hajaacha kuuliza.”

Fabian alitazama viatu vyake, na tumtendee haki, uso wake ulikuwa wa mtu aliyesikia.

“Kwa hiyo unasemaje, Majok?” Dokta Didas akauliza.

“Nasema yeye. Kuuliza atafundishwa. Hata mimi nitamfundisha.”

Ukumbi ulilipuka. Mrundi wa Tangini alipiga vigelegele, mwanamume mzima, na Adventina akasahau kwamba mwezeshaji hatakiwi kuegemea upande, akaruka. Dokta Didas alikata alichokuwa ameandika, akaandika upya, akamwonyesha Mwamvita karatasi. Alisoma jina lake mara moja tu, maana herufi zilikuwa zinacheza kwenye machozi, na alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, hajui ashike kipi.

“Haya nifundishe,” akamwambia Majok, akitafuta kalamu mkobani. “Nianze na nini?”

Majok alizunguka meza, akavuta kiti chake mwenyewe na kukisogeza karibu naye.

“Kaa kwanza, mama.”