Neanderthal wa Birongo

Baba yangu mdogo ni mzee wa kanisa, na kazi yake kubwa hapa kwetu karibu na Marani ni kuchunguza watu. Anajua ukoo wa kila mtu hadi mpakani na Nyamira, isipokuwa wetu, ambao kwake huanza na babu na kuishia hapo hapo, kana kwamba babu alichipuka shambani kama mgomba. Kabla msichana wa boma letu hajaolewa, yeye hufunga tai, hupanda bodaboda na kwenda kuwauliza majirani wa mchumba kama kwao kuna uchawi, wazimu, au watu wa kuja. Sijaona mvivu wa shamba mwenye bidii namna hiyo.

Mwaka juzi zamu ilikuwa ya binti yangu. Anafanya kazi ya maabara mjini Kisii, na alikuwa amempata fundi wa umeme kutoka Birongo. Nilipomuuliza binti yangu kijana huyo ni wa nani, alinijibu bila kuficha kwamba babu wa babu yake alifika pale na mke na jembe, wenyeji wakampa kipande cha ardhi kando ya mto. Kwa Ekegusii mtu kama huyo anaitwa omomenyi, mkaaji aliyekaribishwa, na jina hilo halifutiki hata wajukuu wake wakipata wajukuu.

"Kwa hiyo unaniletea Neanderthal wa Birongo," nikamwambia.

Mimi ni mwalimu wa historia. Neno hilo nilikuwa nimelitumia miaka mingi kuwaamsha wanaosinzia darasani, na nilijiona mcheshi sana. Nilichojua juu yake kingejaa kijiko cha chai: mtu wa kale wa Ulaya, paji limetokeza, hana akili, akaisha. Binti yangu hakukasirika. Alivuta kigoda, akaendelea kumenya ndizi, na kwa muda wa sufuria nzima akanisomesha mimi niliyemlipia shule.

Mifupa ile, alisema, ilipatikana katika bonde moja la Ujerumani na wachimba chokaa, ambao waliitupa nje wakidhani ni ya dubu. Bonde lenyewe liliitwa kwa jina la mchungaji mtunzi wa nyimbo za kanisani, na jina la mchungaji huyo, kwa Kigiriki, ni "mtu mpya". Wasomi walipoitazama mifupa, mmoja alisema ni ya askari mgonjwa. Baadaye wengine walimchora mtu huyo ameinama kama nyani, kumbe mifupa waliyoitegemea ilikuwa ya mzee aliyepindwa na baridi yabisi. Hapo nilicheka, kwa sababu baba mdogo naye anatembea vivyo hivyo.

Halafu akanieleza lililonikera. Hawakuisha tu. Watu wa aina yetu walipotoka Afrika waliwakuta, wakazaa nao, na chembe za urithi wao zimo ndani ya watu mpaka leo, nyingine zikisaidia mwili kupambana na maradhi. Hata sisi tunazo kidogo, zilizoletwa na waliorudi Afrika baadaye. Nilibisha. Nikaenda kusoma mwenyewe siku tatu, nikitumaini kumkamata. Sikumkamata. Nikakiri mbele yake kwamba hakuna damu iliyokaa peke yake, na kwamba kijana wake hana kosa lolote. Alifurahi sana. Akaniomba niyaseme hayo kwenye kikao cha wazee wa ukoo, kwa kuwa bila neno la baba posa isingepita.

Kikao kilikaa Jumapili sebuleni kwangu. Wazee saba walikunywa chai yangu kwa kelele. Baba mdogo alisimama, akakohoa, akatoa habari zake: uchawi hakuna, wazimu hakuna, kanisani wanakwenda, majani chai yao yanachumwa vizuri. Nikadhani tumepita. Kisha akasema alizunguka boma lote la watu hao na hakuona kaburi hata moja la zamani. Damu yao, alisema, ni ya kuokota. Wale saba wakatikisa vichwa huku wakitafuna. Mmoja wao, ambaye mama yake mzazi si wa kabila letu, alitoka upande wa ziwa na kila mtu anajua, ndiye aliyetikisa kwa nguvu zaidi.

Binti yangu alikuwa mlangoni ameshika chupa ya chai.

"Baba," akasema, "waambie ulichoniambia."

Wote wakanigeukia. Nilikuwa nacho mdomoni, kimepangika vizuri. Lakini niliwatazama wale wazee, ambao siwaheshimu hata mmoja, nikaogopa wasije wakaniona mjinga.

"Hayo ni mambo ya shule," nikasema.

Aliweka chupa mezani taratibu, akachukua mkoba wake, akateremka barabarani. Baba mdogo akafunga kikao kwa sala ndefu ya kushukuru.

Walioana katika ofisi ya serikali, mashahidi wakiwa marafiki zao wawili. Sikuitwa. Mjukuu wangu sasa ametimiza mwaka, nami nimemwona kwenye simu ya mke wangu tu, anayeificha nikikaribia. Baba mdogo namdharau, ndiyo, na nitaendelea kumdharau, lakini yeye alisema anachokiamini. Mimi nilijua, nikanyamaza. Hakuna mtu katika sebule ile aliyekuwa duni kuliko mwenye sebule.

Muhula uliopita nilifika kwenye somo hilo na kidato cha kwanza. Siku hizi nalifundisha lote, bonde, chokaa, mchungaji, na kukutana kwao. Nilikuwa nikifuta ubao msichana mmoja wa nyuma aliponyoosha mkono.

"Mwalimu, hao wasichana wa kwetu walioolewa na hao watu," akauliza, "baba zao walikubali?"

Darasa likaangua kicheko. Yeye hakucheka, alikuwa anataka kujua kweli. Nikaweka kifutio mezani.

"Walikubali," nikasema.

Akainama, akaliandika jibu hilo kwenye daftari lake, akalipigia mstari.