Nilivyomfunga Baba Mkwe Bandeji

Shule niliishia darasa la nne, ng'ombe wa baba wakanihitaji kuliko mwalimu. Kwa hiyo nikiruka jambo nivumilie, nitalirudia.

Ilikuwa miaka ile ya shida. Sabuni haikuonekana, tulikuwaga tunafulia majani ya mpapai, na duka la kijiji hapa Mugeta lilibaki na muuzaji na rafu zake. Kijiji kikaambiwa kitoe mtu mmoja akafundishwe huduma ya kwanza Musoma, kwa vitendo, si kwa kuandika ubaoni. Wakanichagua mimi. Usidhani ni akili. Wanaume waliosoma walikuwa wameshaondoka kutafuta maisha.

Niliitaka nafasi ile kwa moyo wote. Jirani yetu alikuwa amevunjwa paja na maksai wakati wa kulima. Tukamrusha kwenye mkokoteni kama gunia la mihogo, na kabla hatujafika Nyamuswa mfupa ulikuwa umetokea nje. Alipona, lakini anatembelea fimbo mpaka leo. Sisi ndio tuliomlemaza, si maksai.

Nesi wa zahanati ya Nyamuswa akanionyesha jinsi ya kufunga bandeji, akasema nikajizoeze nyumbani, atakuja kunipima. Asiporidhika, nafasi inakwenda kijiji cha jirani. Na anataka kuona nikimfunga mtu mzima, mzito.

Mtu mzima sasa ndiyo ikawa taabu. Mume wangu alikuwa kibaruani Mwanza. Wifi yangu ana mtekenyo, ukimgusa goti anacheka mpaka majirani wanakuja kuuliza kuna nini. Pale nyumbani akabaki baba mkwe.

Kwa msomaji wa mbali nieleze. Kwetu mke wa mwana hamgusi baba mkwe. Chakula nilikuwaga napiga goti mlangoni, naweka chini, naondoka. Nilikaa kwenye mji wake miaka, nikazaa humo, na ungeniuliza sura yake ningekueleza viatu.

Wala sikumwomba, ningeanzaje? Wifi ndiye alimfikishia. Mzee akawaita wenzake. Mmoja akasema dunia imekwisha. Baba mkwe akamuuliza, siku ile jirani alipovunjika, yeye na heshima yake alimfunga na nini? Wakachinja mbuzi wa kuondoa mwiko, wakala, na nyama ya miaka ile ililainisha shingo nyingi.

Kesho yake mzee akatandika ngozi ya ng'ombe uani, akalala chali.

"Nimevunjika paja la kushoto," akasema. "Fanya kazi."

Bandeji zangu nilichana mfuko wa unga wa yanga, ule unga wa njano wa msaada. Siku hizi ni raha. Mitumba ilipoanza kuingia wakati wa ruksa, biashara ilipofunguliwa, mnadani Bunda unapata shuka zima la Ulaya, unachana bandeji za kijiji kizima. Wakati ule mfuko mmoja niliufua na kuukunja kila jioni kama nguo ya kanisani. Mabanzi ya kukazia mfupa nilitoa kwenye kasha bovu la chai. Nikafunga, nikafungua, nikafunga, mpaka mikono ikajua yenyewe.

Nesi akaja. Nikafunga bila kukosea, nikasimama nasubiri sifa.

"Mafundo mazuri," akasema. "Lakini mgonjwa wako amekufa zamani, mama."

Nikasema mbona anapumua.

"Umejuaje, na muda wote unaangalia banda la mbuzi?"

Ilikuwa kweli. Mikono ilikuwa imeruhusiwa, macho hakuna aliyeyakumbuka. Nesi akanieleza kwamba mgonjwa anasemea usoni: midomo inapauka, jasho linatoka, macho yanageuka. Akasema atarudi siku ya gulio. Nikiendelea kumfunga mtu huku nimempa kisogo, basi.

Mbuzi wa pili, wa kuruhusu macho, hakuwepo. Nikajaribu hivyo hivyo. Shingo ikagoma. Nafika kidevuni, inageuka. Nikalia.

"Mama," baba mkwe akasema, naye anaangalia mawingu, "hata mimi naona aibu. Tuione wote, tumalize."

Nikamtazama. Ana kovu kwenye nyusi, jicho moja lina ukungu, na ile pua ya mume wangu, ambayo nilikuwa naisema vibaya kwa wifi, nikajua imetoka wapi. Nikacheka, na yeye akacheka, hajui kwa nini.

Siku ya gulio nesi akaja, na wale wazee nao wakaja, wamevuta vigoda. Nikaanza. Nimefika katikati ya paja, namtazama usoni, naona taya limelegea. Macho amefumba. Hatukupatana hivyo. Nikaacha bandeji, nikamgeuza ubavu, nikamfungua mdomo na kuingiza kidole. Nyuma yangu mzee mmoja akaguna kama ng'ombe. Nikatoa bonge la tumbaku.

Baba mkwe akafumbua jicho lile zima.

"Hiyo ya Tarime," akasema. "Usitupe."

Alikuwa amekufa kwa makusudi, hata nesi hakuambiwa. Nesi akanawa mikono, japo hakugusa kitu, akawageukia wazee.

"Huyu anakwenda Musoma."

Nikapanda lori mpaka Bunda, nikapata basi, tukapita njia panda ya Butiama nimeshika kikapu changu, na usiulize niliimba nini. Tulipewa malazi Makoko, pale pale Musoma kando ya ziwa. Nilikula samaki mpaka nikawachoka, mimi mtu wa ng'ombe. Mwalimu alipouliza nani aanze kufunga paja, wenzangu wa ziwani wakatazamana. Mimi nilikuwa nimeshapiga magoti, namtazama mgonjwa usoni, namuuliza, baba, unanisikia?

Nikarudi na sanduku la dawa kichwani. Akina mama walinipokea kwa vigelegele kuanzia barabarani. Asubuhi mapema nikagongewa mlango. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa ndama, mguu umevunjika. Nikasema ndama sikumsomea. Mwenye ndama akakaa chini, hataki kuondoka.

Nikatoa mabanzi. Alipona, akazaa mara nyingi.