Nilivyomlaumu Mama Akinyi kwa Protini

Sijui nitamwangalia vipi Mama Akinyi tena. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Mashimoni. Wiki iliyopita alinionyesha barua ya hospitali kuhusu binti yake wa miaka minne, ambaye huchoka hata akiwa ameketi. Kizungu kilikuwa kigumu. Nilishika maneno mawili tu: protini na upungufu.

"Mama Akinyi, unamnyima mtoto chakula," nikamwambia palepale kwenye foleni ya maji, majirani wakisikia. "Mpe omena, mpe mayai!"

"Lakini Akinyi anakula, dada."

"Barua haidanganyi."

Akainamisha kichwa. Kufikia jioni majirani walikuwa wakimsengenya, na mimi nikajiona nimeokoa maisha.

Jana nilimsindikiza kliniki, nikitarajia sifa. Daktari akaeleza taratibu kwamba protini hiyo hailiwi. Mwili huitengeneza wenyewe, nayo hufanya kazi ndani ya seli, kwenye visehemu vidogo vinavyotupatia nguvu. Ya Akinyi ina kasoro aliyozaliwa nayo, ndiyo maana nguvu hazimtoshi.



"Kwa hivyo sikumnyima chakula?" Mama Akinyi akauliza.

"Hapana, mama. Hujamnyima chochote. Nani alikuambia hivyo?"

 Mama Akinyi aligeuka, machozi yakimtoka, akaniangalia. Daktari naye akageuka, akaanza kusoma maandishi kwenye fulana yangu: Mhudumu wa Afya.