Kifua Hakiumi

Mzee Spoku alitengeneza baiskeli miaka arobaini na mbili. Shule hakuikanyaga. Lakini mpe gurudumu lililopinda, atalizungusha mara moja, afumbe jicho moja, akuambie spoku ipi imelegea. Mkewe alizoea kumtania, "Wangu mimi anasoma vyuma tu."

Mkewe akafariki. Miezi mitatu baada ya mazishi, mzee ameinama anajaza tairi upepo, kifua kikambana kama kimetiwa kwenye jiriwa ya kubania vyuma. Jasho likamtoka, mkono wa kushoto ukafa ganzi, akaanguka. Hospitali wakasema ni mshtuko wa moyo. Alilala siku tisa, akarudi na mfuko wa vidonge.

Binti yake wa pekee akaanza wimbo mmoja: afunge karakana, aache nyumba, ahamie kwake.

"Baba, utanifia peke yako humo ndani."

"Humo ndani nimekaa na mama yako miaka thelathini na tisa. Sihami."

Walivutana wiki nzima. Mwisho wakakubaliana: siku ya kliniki, atakalosema daktari ndilo hilo.

Siku ikafika, mwezi wa pili tangu aanguke. Nesi akatoa karatasi. Akaeleza kwamba inapima maisha ya mgonjwa yanakwendaje baada ya moyo kushtuka. Kila jibu lina alama, moja hadi saba, na saba ndiyo nzuri. Yeye atasoma, mzee ajibu.

"Wiki mbili hizi, babu, umeshindwa kupanda ngazi?"

"Nyumba yangu haina ngazi."

"Kama ingekuwa nayo?"

"Ningeing'oa."

Nesi akacheka, akaandika saba.

"Umejiona mzigo kwa watu wako?"

"Muulize huyo hapo, ndiye anayetaka kunibeba."

Binti akabinya midomo.

"Moyo wako umekuuma mara ngapi?"

Hapo mzee hakutania. Aliangalia sakafu.

"Kila siku."

"Kila siku! Wakati gani hasa?"

"Asubuhi. Nikiamka."

"Ukikuuma unafanyaje?"

"Nakaa tu, mpaka upungue."

Nesi akaandika moja. Chini yake moja nyingine, na nyingine tena.

Daktari alipoisoma ile karatasi, akavua miwani. "Mzee, maumivu kila siku, tena umekaa? Kazi basi. Na kulala peke yako marufuku. Huenda tukakurudisha wodini."

"Umesikia, Baba?" binti akadakia.

"Maumivu gani?"

"Ya moyo. Umesema mwenyewe."

Mzee Spoku akasimama. Hakushika kiti.

"Daktari, mimi niliulizwa moyo. Kifua sikuulizwa. Kifua hakiumi. Moyo unaniuma kwa sababu mke wangu amekufa. Sasa hilo nalo mtanilaza?"

Nesi akaisogeza karatasi karibu na macho. "Imeandikwa moyo, daktari. Nimesoma kilichoandikwa."

"Basi uliza upya," mzee akasema. "Safari hii sema kifua."

Nesi akauliza upya. Kifua kinauma? Hakiumi. Kinabana ukitembea? Hakibani. Daktari hakuridhika na maneno. Akampima umeme wa moyo, akamtembeza korido mara sita, akamsikiliza mgongoni. Mzee akarudi anapumua vizuri, anamtazama daktari kama fundi aliyeletewa baiskeli mpya, nzima, atengeneze.

"Haya," daktari akasema. "Kazi ruksa, nusu siku, vizito usinyanyue. Lala kwako. Kuhusu huo moyo mwingine, tuna mshauri hapa, anaweza kukusaidia upungue."

"Usipungue."

"Mzee..."

"Miaka thelathini na tisa, daktari. Halafu nipone kwa miezi mitano? Vidonge vyenu nameza, chumvi nimeacha, sigara nimetupa. Huu niachieni. Acha uniume."

Daktari hakubishana. Akasaini.

Nje ya mlango binti alisimama, uso kaugeuzia ukutani.

"Na mimi moyo unaniuma, Baba. Kila siku. Nilijua wewe umeshasahau, maana husemi kitu. Ndiyo maana nilitaka uje kwangu. Nilikuwa nataka mtu wa kukaa naye."

Mzee akakuna kidevu.

"Sasa si ungesema hivyo? Hamia wewe. Chumba kipo."

"Na kazi yangu? Kutoka kwako ni mbali."

"Nitakupa baiskeli."