Mama Nyuzi na Maziwa Yasiyosubiri Barabara

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, mwanamke mmoja anafungua mlango wa bati wa kituo cha kukusanyia maziwa. Kabla hata ya kuitikia salamu, anatupia jicho kipimajoto cha tangi la kupozea. Nyuzi nne. Anashusha pumzi. Dakika kumi baadaye anaangalia tena.

"Hii kazi ni roho juu," anasema akipokea debe la kwanza kutoka kwa mfugaji aliyekuja kwa baiskeli. "Taa ikipepesa tu, nakimbilia kipimajoto."

Wafugaji humwita Mama Nyuzi. Ana miaka arobaini na sita, na tisa kati ya hiyo ameilinda mashine hii. Mwezi uliopita pekee umeme ulikatika mara kumi na moja. Jenereta ipo, ila dizeli yake huja kwa barabara ileile inayopeleka maziwa kiwandani. Barabara ikigoma, vyote vinagoma.

Ndivyo ilivyokuwa Jumanne moja ya masika. Umeme ulikatika saa mbili asubuhi. Jenereta ilinguruma hadi saa tano, ikakohoa, ikazimika; dizeli imeisha. Hapo hapo simu ikaita. Alikuwa shemeji yake, dereva wa lori la kiwanda.

"Shemeji, kalavati limeondoka na maji. Niko ng'ambo, sipiti. Nigeuze?"

"Geuza uone kama utakula kwangu tena!"

Tangini mlikuwa na lita elfu moja na mia tisa, jasho la kaya sitini. Joto lilishafika nyuzi sita, na lori halipokei maziwa yaliyozidi kumi. Mumewe alimsihi awasubiri mafundi wa umeme.

"Mafundi watafika kesho," alimjibu, "wakute mtindi."

Akawapigia simu waendesha bodaboda wanane. Wafugaji wakajaza madebe, pikipiki zikayakimbiza hadi penye shimo lililoachwa na kalavati. Maji yalikuwa yamepungua hadi magotini, kwa hiyo watu wakapanga mstari, wakapokezana debe kwa debe. Ng'ambo, shemeji alipima kila moja. Nane. Nane. Tisa.

Saa tisa alasiri, debe moja likasoma kumi na moja. Shemeji akatikisa kichwa. Mama Nyuzi hakumbembeleza.

"Hata mimi ningelikataa," anasema.

Lita elfu moja na mia nne zilivuka. Mia tano zilizobaki, zilizokwisha kuzidi nyuzi kumi, zilimwagwa mtaroni, wenyewe wakitazama.

"Walinipa pole, hakuna aliyenilaumu. Bora wangenitukana," anasema, kisha anageukia debe linalofuata.

Kalavati limejengwa upya. Umeme bado ni wa kubahatisha, ndiyo maana wafugaji wameagiza paneli za sola. Naye, kila Jumamosi mchana, maziwa yakishaondoka, hupanda basi kwenda chuo cha ufundi kujifunza kuzifunga na kuzitengeneza. Darasani yeye ndiye mkubwa kuliko wote, mwalimu akiwemo.

"Binti yangu ananicheka, eti nashika penseli kama mwiko. Acha acheke. Paneli zikiharibika, fundi hatatoka mjini. Fundi nitakuwa mimi."

Mtihani wa kwanza ni Jumamosi hii, tena asubuhi. Siku hiyo kituo atamwachia mumewe, na hilo, anakiri, linamkosesha usingizi kuliko mtihani wenyewe.